Diski ya Akiba

Kwa miaka kumi na miwili diski ya kompyuta ya marehemu baba ilikaa kwenye droo ya kabati langu, chini ya vyeti vya kuzaliwa na risiti za kiwanja, nami nikiamini ni tupu. Sikuamini hivi hivi tu. Nilikuwa na ushahidi. Mwaka 2013, wiki chache baada ya msiba, niliipeleka kwa fundi mmoja karibu na stendi hapa Singida mjini. Akaichomeka kwenye mashine yake, tukasubiri, kisha Windows ikatuambia kwamba diski hii lazima iumbizwe kwanza ndipo itumike. Fundi akanigeukia.

"Ticha, humu hamna kitu. Nikufomatie uondoke nayo safi?"

Nilikataa. Ningependa kukuambia, msomaji, kwamba moyo ulinigusa. Hapana. Alitaka elfu tano, nami sikuwa nayo ya kuchezea.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari. Kompyuta si fani yangu. Ninayo moja ya mezani, Dell ya mtumba, RAM GB 4, ambayo natungia mitihani na kuandikia vipande kama hiki. Oktoba 14, 2025, Microsoft ilikoma kutoa huduma za kawaida kwa Windows 10, toleo lililokuwa sokoni tangu 2015. Windows 11 nayo inadai mashine mpya zaidi, na yangu haikufikia sifa, kama mtahiniwa aliyekosa alama mbili za kuingia kidato cha tano. Nikamwendea fundi mwingine, kijana niliyemfundisha mwenyewe, sasa ana kibanda chake cha simu na kompyuta. Akasema nisitupe mashine wala nisiifute. Niweke mfumo wa pili kwenye diski nyingine, ule wa kwanza ubaki ulipo.

"Ticha, unayo diski ya akiba?"

"Ninayo," nikasema. Nikakumbuka droo.

Sasa, kwa msomaji ambaye kompyuta kwake ni mahali pa kuandikia tu: mfumo endeshi ni ile programu kubwa inayoamka kwanza unapowasha mashine, inayojua kibodi iko wapi, kioo kiko wapi, na maandishi yako yamelala kona gani ya diski. Wengi wetu tunaufahamu mmoja tu, ndiyo maana mitaani kazi yote ya kusakinisha inaitwa "kupiga windo", hata kama kinachopigwa si windo. Lakini ipo mingine. Linux ilianza mwaka 1991, kazi ya mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki aitwaye Linus Torvalds, ambaye aliitoa kwa dunia nzima bure. Mwaka 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini na wenzake wakatoa Linux ya kwao wakaiita Ubuntu, neno ambalo Mswahili hahitaji kamusi kulielewa: ni utu. Kwa miaka kadhaa walikuwa wanatuma CD zake kwa posta, bila malipo, kwa yeyote aliyeomba. Zikumbuke hizo CD. Zitarudi.

Mpango wetu ulikuwa rahisi. Windows ibaki kwenye diski yake, maana mitihani na fomu za shule zimo humo na sitaki balaa. Diski ya baba, GB 160, ifutwe yote na ipokee Linux Mint, ambayo imejengwa juu ya Ubuntu. Ukiwasha mashine unabonyeza F12 na kuchagua pa kuamkia. Faili la kusakinishia lilikuwa karibu GB 3. Nililishusha kwa bando la usiku, tena mara mbili, kwa sababu usiku wa kwanza mvua ilikuja na upepo wake na umeme ukaondoka likiwa limefika nusu. Usiku wa pili likaisha. Nikaliandika kwenye flashi.

Jumamosi moja ya likizo ya Desemba nikafungua ubavu wa sipiyu, nikapuliza vumbi, nikachomeka diski ya baba kwa nyaya zake mbili, ule wa data na ule wa umeme. Ikaanza kuzunguka. Ilikuwa na mlio, kama mtu mzima anayeinuka kwenye kigoda, lakini ilizunguka.

Uzuri wa Linux nyingi ni kwamba hazikulazimishi kuoa siku ya kwanza. Unawasha mashine kutoka kwenye flashi, mfumo unafunguka, unauzunguka, unaujaribu, na diski zako bado hazijaguswa. Ukiridhika ndipo unabonyeza pa kusakinisha. Nilikuwa nimeshapeleka mshale pale. Kilichonizuia ni mazoea ya kusahihisha tu: kabla ya kutupa karatasi, igeuze uone nyuma.

Nikabonyeza picha ya diski. Ikafunguka.

Ndani kulikuwa na makabrasha mengi yenye majina nisiyoyaelewa, na moja lililoitwa "home". Nikaingia. Humo kulikuwa na kabrasha moja tu, lenye jina la baba yangu kwa herufi ndogo.

Diski haikuwa tupu wala haikuwa imekufa. Ilikuwa imepangwa kwa mtindo wa Linux, na Windows yenyewe haisomi mtindo huo. Isichoweza kusoma inakiita kitu cha kuumbizwa. Nisiwe mwepesi wa kuilaumu. Mwaka juzi nilimpa kijana wa kidato cha pili alama 3 kati ya 20 kwa insha aliyochanganya Kiswahili na Kinyaturu hadi nikakosa pa kushika. Na Kinyaturu changu si kibaya. Sikutaka tu kusoma namna ile.

Hapo ndipo nilipoikumbuka kompyuta ya baba vizuri. Alistaafu ualimu wa shule ya msingi mwaka 2005. Alipopata kiinua mgongo, akamalizia nyumba yetu ya Mandewa, na kilichobaki akanunua kompyuta ya mtumba, watu wakamcheka. Ilikuwa mwanzoni mwa 2006, mwaka ule wa ukame na mgao wa umeme nchi nzima. Aliamka umeme ukirudi, hata kama ni saa tisa usiku, akakaa mbele ya kile kioo kikubwa kama televisheni. Kijana mmoja aliyekuwa amekuja kujitolea kwenye shule ya jirani alimpa CD mbili. Moja ilikuwa ya Ubuntu, katika zile za posta. Ya pili ilikuwa Jambo OpenOffice.

Huenda wapo wasomaji hapa wasioijua Jambo, na ni haki yetu kuikumbuka, sisi tunaolalamika kila siku kwamba Kiswahili hakina nafasi kwenye teknolojia. Ilikuwa kazi ya mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wataalamu kutoka Sweden, na ilitoka mwishoni mwa 2004: programu za ofisi, za kuandikia barua na kupangia hesabu, zenye menyu za Kiswahili. Watu walikaa wakabishana juu ya neno moja moja hadi kompyuta ikaweza kumwambia mzee wa Singida "Faili" na "Hariri". Baba alikuwa amefundisha Kiswahili darasa la nne na la tano zaidi ya miaka thelathini. Siku ilipokaa sawa aliniita kutoka nje.

"Njoo uone. Inaongea lugha ninayofundisha."

Nilikuwa kidato cha nne. Nilitazama nikaona aibu. Nilitaka tuwe na windo kama ya watu.

Kwenye kabrasha lake kulikuwa na maandishi kama arobaini. Barua za kanisa. Rasimu ya hotuba ya mahafali. Bajeti ya choo. Na jedwali moja lililoitwa "ADA 2007", lenye kiendelezi cha sxc, muundo wa OpenOffice ya wakati ule, ambao programu za leo za ukoo huo bado zinaufungua. Nikafungua.

Mwaka 2007 nilipangiwa kidato cha tano Iringa. Hadithi ya safari ile naijua tangu siku hiyo, na nimeisimulia mara nyingi, hata darasani: baba aliuza ng'ombe wawili nikasoma. Nimewaambia wanafunzi wangu habari za wale ng'ombe kila walipoleta uvivu. Jedwali lilikuwa na mistari kumi na tisa na safu nne: Jina, Alichotoa, Thamani, Imerudi. Majina sitayaandika. Nilichosoma ni hiki: debe mbili za alizeti. Kuku wanne. Shilingi 10,000. Asali lita tano. Nauli ya kufika Dodoma. Mtama gunia moja. Godoro moja, na pembeni yake baba ameandika, "alilokuwa akilalia".

Godoro hilo nililijua. Nililalia miaka miwili. Nilidhani ni la dukani.

Kwenye safu ya mwisho, mistari kumi na miwili ilikuwa na neno "ndiyo" na tarehe. Ya mwisho ilikuwa ya 2011. Mistari saba ilikuwa wazi. Baba alifariki 2013.

Nikatoka nje. Mama alikuwa anachambua mlenda kwenye ungo.

"Mama, nilipokwenda Iringa baba aliuza ng'ombe wangapi?"

"Mmoja."

"Si wawili?"

"Wa pili alikufa na ule ukame." Akatupa kijiti pembeni. "Alisema tukwambie wawili."

"Kwa nini?"

"Alisema ukijua utasoma kwa hofu."

Akaendelea na mlenda wake. Kumbuka watu hawa walitoa baada ya mwaka wa njaa. Kijiji chetu kiko upande wa Ikungi, na mvua ikikosekana kule hakuna mto wa kukimbilia. Mtu aliyetoa debe mbili za alizeti mwaka 2007 alitoa pengine mbegu.

Nikarudi kwenye kompyuta, na hapa lazima niseme ukweli usionipendeza. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kutafuta pa kupunguza deni. Katika wale saba wa wazi, yuko mzee mmoja niliyempa shilingi 50,000 mwaka 2019 alipolazwa. Sikujua habari ya orodha, nilimpa kama pole. Lakini hela ni hela, nikajiambia, na deni lake kwenye safu ni 10,000. Nikaweka mshale kwenye kisanduku chake niandike "ndiyo".

Programu ikakataa. Juu ya jedwali kulikuwa na maelezo kwamba faili hili limefunguliwa kwa kusoma tu. Nikajaribu tena, ikakataa tena. Nilikuwa mgeni ndani ya ile diski: naruhusiwa kuona kila kitu, siruhusiwi kugusa.

Nikampigia kijana wangu fundi. Habari ya kufuta diski ikafa hapo hapo.

"Ticha, kwanza nakili kila kitu. Flashi mbili, si moja. Diski ya umri huo ni mgonjwa anayetembea."

Nikanakili. Kisha akaja mwenyewe jioni, akapunguza eneo la baba likawa GB 60, bila kugusa kilichomo, akaacha lililobaki kwa ajili ya mfumo mpya. Kabla ya kuanza kusakinisha alichomoa waya wa diski ya Windows.

"Hii ya nini?" nikauliza.

"Isichoiona haitaiharibu."

Ushauri huo nautoa kwa yeyote atakayejaribu jambo hili. Makosa mengi ya kuweka mfumo wa pili ni ya kuchagua diski isiyo yenyewe kwenye orodha ya majina yanayofanana. Ukichomoa ya zamani, orodha inabaki na jina moja na mkono hauna pa kukosea. Ukimaliza unairudisha. Kusakinisha kwenyewe kulichukua kama nusu saa. Likaja dirisha la kuniuliza jina langu na nywila, nikajaza. Tukazima, tukarudisha waya, tukawasha, F12, na mfumo mpya ukaamka.

Nikafungua eneo la baba. Nikafungua jedwali. Yale maelezo ya kusoma tu hayakuwepo. Nikatazama sifa za faili, na pale panapoandikwa jina la mwenye faili, palikuwa na jina langu.

Nilimtazama fundi. Sikuwa nimebadilisha kitu, wala yeye.

"Linux haitunzi jina kwenye faili, ticha. Inatunza namba. Kwenye Ubuntu mtumiaji wa kwanza anapewa 1000, na Mint hivyo hivyo. Mzee alikuwa wa kwanza kwenye mashine yake, akawa 1000. Wewe ni wa kwanza kwenye hii. Nawe ni 1000."

Jana yake, nikiwa kwenye flashi, nilikuwa na namba nyingine, ndiyo maana nilikataliwa. Kwa fundi hilo lilikuwa jambo la kawaida, akaanza kukusanya bisibisi zake. Mimi nilibaki pale. Tulipogawana vitu vya baba mwaka 2013, ukoo ulikaa siku nzima: shamba, baiskeli, redio, koti. Hakuna aliyetaja deni, kwa kuwa hakuna aliyelijua. Mashine haikukaa kikao. Iliona namba ikakabidhi vyote, na lile jedwali ndani yake.

Sasa nilikuwa na uwezo wa kuandika "ndiyo" mbele ya yule mzee wa 50,000. Sikuandika. Nilimpa kama pole na alipokea kama pole. Kuigeuza leo iwe malipo ni sawa na kubadilisha alama baada ya matokeo kubandikwa.

Niseme na mkasa mdogo, maana kuna atakayekutana nao. Siku mbili baadaye niliamkia Windows ili nichape fomu, nikakuta saa yake imerudi nyuma saa tatu. Nje giza, saa mbili usiku, yenyewe inasema 17:00. Nilidhani betri. Kumbe mifumo hii miwili inatumia saa moja iliyo ndani ya mashine lakini haikubaliani namna ya kuisoma. Linux huiweka kwa saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma yetu saa tatu, kisha inajumlisha yenyewe. Windows inaikuta hapo inadhani ndiyo saa ya Singida. Amri moja upande wa Linux inamaliza ugomvi. Sikushtuka sana. Sisi ukutani mshale uko kwenye nane na mdomoni tunasema mbili, na hakuna anayechelewa kwa sababu hiyo.

Nikaamua kuanza na kuku wanne. Sababu ni kwamba sikujua thamani ya shilingi ya 2007 ni ngapi leo, na kila nilipojaribu kupiga hesabu nilijiona natafuta unafuu. Lakini kuku ni kuku. Nikanunua wanne wa kienyeji pale sokoni, majike, nikapanda Noah ya asubuhi.

Bibi mwenyewe alikuwa amekaa kivulini. Nilimkuta na mjukuu wake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Wewe ni wa mwalimu."

"Ndiyo mimi."

Nikaeleza yote, orodha, mwaka, kuku. Alinisikiliza hadi mwisho kisha akacheka mpaka akajifuta macho.

"Kuku gani niliokopesha mimi? Baba yako alinisomea barua za mwanangu aliyekuwa jeshini miaka sita. Akaniandikia na majibu. Kuku nilitoa."

Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Baba aliandika kuku, hakuandika barua. Kwenye orodha nzima hakuna mahali alipohesabu alichotoa yeye.

"Basi pokea tu, bibi. Nimeshawabeba."

Akapokea, maana cha mgeni hakikataliwi. Tukanywa uji. Akaniuliza wanafunzi wa siku hizi kama wanasikia. Nilipoaga alimnong'oneza mjukuu, yule mtoto akakimbia nyuma ya nyumba, vumbi likatimka, akarudi na jogoo mwekundu amefungwa miguu.

"Bibi, hapana, mimi nimekuja kulipa."

"Na utoke kwangu mikono mitupu? Watasema nini?"

Nilirudi Singida mjini kwa Noah ya jioni, jogoo ameketi mapajani mwangu ametoa kichwa nje ya mfuko, abiria wananipongeza kwa bei nzuri.

Usiku nikabonyeza F12, nikaamkia upande wa pili, nikafungua jedwali. Mstari wa kumi na moja. Nilikaa mbele ya kile kisanduku kitupu muda mrefu kuliko ninavyokaa mbele ya insha yoyote. "Ndiyo" haikuwa kweli. Kukiacha wazi nako haikuwa kweli. Mwishowe nikaandika 3, na tarehe, nikahifadhi kama nakala mpya pembeni. Ya baba nimeiacha kama ilivyo.

Jogoo anawika saa tisa usiku, na mama bado hajalalamika. Imebaki mistari sita. Wawili kati yao wametangulia mbele ya haki, nimeshauliza watoto wao wako wapi. Jumamosi ijayo ni zamu ya godoro.